Mume wangu anataka nyumba ya shule ya nyota tano, mimi naogopa deni

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri, nimetoka zamu ya usiku, watoto hawajaamka na chai imeshapoa mbele yangu. Nikingoja mchana sitaandika tena.

Tunaishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa 7, nyumba ya kupanga karibu na Morse Road. Mimi ni nesi msaidizi kwenye nyumba ya wazee upande wa magharibi wa mji. Baba Neema anaendesha lori. Yadi yao iko kusini, karibu na uwanja wa ndege wa Rickenbacker. Anaondoka Jumatatu, akiwahi sana anarudi Alhamisi. Tuna Neema wa miaka 9, yuko darasa la 4, na Baraka wa miaka 5 anayeanza chekechea Agosti. Tunaye pia Juma, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 15. Alitoka Muheza mwaka jana, ulezi wake tuliupata mahakamani, na anasoma Columbus Global Academy, ile shule ya wilaya ya Columbus kwa wanafunzi wanaoanza Kiingereza. Alikuja hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Juzi nikamsikia kwenye simu anabishana na mwenzake kuhusu mpira, kwa Kiingereza, na anashinda. Nilisimama mlangoni na kapu la nguo nikasahau nilikokuwa naenda.

Sasa tunataka kununua nyumba, na ndiyo imetugombanisha. Tuna akiba ya dola 31,000. Benki imetupa barua kwamba tunaweza kukopa mpaka dola 450,000. Mkononi, baada ya makato yote, tunapata kama dola 7,400 kwa mwezi, na humo hutoka dola 300 za mama yangu Muheza. Hizo hazikosi.

Nyumba ni tatu. Ya kwanza iko Lewis Center, Kaunti ya Delaware, wilaya ya shule ya Olentangy: dola 465,000, kodi ya majengo dola 9,900 kwa mwaka. Ya pili iko magharibi, jirani na Hilliard-Rome Road. Anwani inasema Columbus, lakini tangazo linasema watoto wanasoma shule za Hilliard, mji jirani: dola 338,000, kodi 6,900. Ya tatu iko hukuhuku tunakokaa, shule za wilaya ya Columbus: dola 262,000, kodi 4,800.

Baba Neema ameshakata shauri, ni Lewis Center. Kuna rafiki yake kanisani amehamia huko, na kila Jumapili baada ya ibada ni hadithi za nyota tano, zile ambazo jimbo huzipa shule. Anasema, "Sisi tulikaa wanne dawati moja na wengine chini. Sikuvuka bahari ili mwanangu asome shule ya nyota mbili." Anasema pia nyumba ya kwenye shule nzuri haishuki bei, kwa hiyo hela haipotei, na kwamba ataongeza safari. Nyumba ya pili ameikataa kabisa: itakuwaje nyumba iwe Columbus halafu shule iwe Hilliard? Anaona ni utapeli. Nilimuuliza dalali wetu shule ipi ni nzuri, akacheka kidogo akasema hilo hawezi kunijibu. Nikajua naye anatuficha kitu.

Na shoga yangu mmoja kanishauri tununue ya bei nafuu, kisha watoto tuwaandikishe kwa anwani ya binamu yake anayekaa Dublin, ile ya hapa jirani na Columbus.

Mjomba, hizo shule za ghali ni bora kiasi hicho kweli? Na nikiona sivyo, Baba Neema nimwambie vipi asione nawanyima watoto?

Mama Neema, Columbus

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole na zamu ya usiku.

Nianze na lile la utapeli, maana mkwe wangu anaweza kukosa nyumba nzuri kwa sababu ya kosa la ramani. Columbus, mji, na Columbus, wilaya ya shule, yaani eneo ambalo bodi moja inaendesha shule zake, ni vitu viwili na mipaka yao hailingani. Kwa miongo mingi baada ya vita vya pili mji ulipanuka kwa ujanja wa maji: ukitaka bomba la Columbus, kubali kwanza eneo lako liingie mjini. Mji ukameza mashamba pande zote, lakini shule za maeneo mengi zikabaki chini ya wilaya zake za zamani. Halafu ikaja kesi ya ubaguzi. Mwaka 1977 jaji wa shirikisho aliamua kwamba bodi ya shule ya Columbus iliwatenga wanafunzi weusi na weupe, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ikauthibitisha uamuzi huo. Mabasi yakaanza kuwachanganya watoto. Familia nyingi zikagundua kuna sehemu unaishi mjini, huduma za mji unazipata, na shule ni ya wilaya jirani. Unaweza kukisia nyumba zilijengwa wapi. Mwaka 1986 wilaya zikakaa mezani na kufikia mapatano yanayoitwa Win-Win, kwamba kila upande umeshinda. Sehemu zilizokuwa chini ya wilaya za pembezoni zikaachwa huko.

Kwa hiyo nyumba yenye anwani ya Columbus na shule za Hilliard, au Dublin, au Westerville, ni jambo la kawaida kabisa hapa. Lakini usiliamini tangazo, na namba ya posta usiitazame kabisa, hiyo ni ya kupelekea barua tu. Ingia kwenye tovuti ya mkaguzi wa hesabu wa Kaunti ya Franklin, andika anwani ya ile nyumba yenyewe, namba ya mlango na yote. Itakuonyesha wilaya ya shule, kodi iliyolipwa, na nani aliinunua lini. Kisha pigia ofisi ya wilaya uwaulize: anwani hii inaenda shule ipi ya msingi, ipi ya kati, ipi ya sekondari? Hilliard peke yake ina sekondari tatu. Ninajua mtaa ambao upande wa kushoto watoto hupanda basi moja na upande wa kulia basi jingine, na majirani hawa hukopeshana mashine ya kukatia majani.

Dalali wako naye msamehe. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kuwaelekeza wanunuzi mitaa fulani kwa kigezo cha rangi au asili yao, na kwa miaka mingi "shule nzuri" ilikuwa namna ya adabu ya kusema "mtaa wa watu fulani". Dalali mwangalifu hukupa mahali pa kutazama, hukumu anakuachia mwenyewe. Ningemwogopa zaidi yule ambaye angekujibu haraka.

Sasa nyota. Hapa naomba Baba Neema asome mwenyewe, akiwa amepaki lori.

Kila Septemba jimbo la Ohio hutoa kadi ya matokeo ya kila wilaya na kila shule, nyota 1 hadi 5. Watu hutazama ile ya jumla, wakafunga. Ndani yake kuna sehemu kadhaa, na mbili ndizo zinazokuhusu wewe kwanza. Moja ni ufaulu: watoto wamepata alama gani kwenye mtihani wa jimbo. Nyingine ni maendeleo: watoto hao hao wamesogea kiasi gani kulinganishwa na walivyokuwa wakifanya huko nyuma. Mabasi mawili yameingia Dar es Salaam. Moja limetoka Chalinze, limefika saa 3 asubuhi, abiria hawana hata vumbi. Jingine limetoka Muheza, limefika saa 6, abiria wamechoka. Ukisimama stendi na saa yako mkononi utampa tuzo dereva wa Chalinze. Alama za ufaulu zinahesabu saa ya kufika. Maendeleo yanahesabu kilomita.

Olentangy ufaulu wake uko juu, hilo halina ubishi. Wazazi wengi wa kule wana digrii na vipato vizuri, na mtoto wa nyumba hiyo huanza chekechea akiwa anasoma vitabu. Shule inapata sifa, na sehemu ya sifa hiyo ilianzia jikoni kwao. Sisemi shule si nzuri. Nasema nyota tano hazikuambii Neema atapata nini kule ambacho hatakipata Hilliard. Hata NECTA, baraza la mitihani la kwetu Tanzania, waliokuwa wakitutangazia shule 10 bora kila mwaka mpaka tunazikariri kama wachezaji wa Simba, waliacha kutangaza orodha hiyo Januari 2023.

Halafu teremka chini ya wilaya, utazame shule yenyewe. Wilaya ya nyota nne inaweza kuwa na shule ya msingi inayosuasua, na wilaya ya nyota mbili ikawa na shule ambayo watu hupigana kuingia. Columbus ina shule za kuchagua ambazo watoto huingia kwa bahati nasibu. Ukikaa nyumba ya tatu, Neema na Baraka wana haki ya kuomba, ingawa kuomba si kupata, na muda wa kuomba hauningoji mimi wala wewe. Upande wa pili, wilaya zinazokua haraka kama Olentangy hujenga shule mpya na kuchora mipaka upya. Unaweza kununua nyumba kwa ajili ya shule fulani, ukaishia kuitazama dirishani mwanao akipelekwa nyingine.

Kwenye hesabu nimekaa na kalamu usiku mzima, mke wangu akadhani nakutungia wosia. Nimechukua riba ya asilimia 6.5, miaka 30, kianzio asilimia 5. Nyumba ya Lewis Center: mkopo dola 2,792 kwa mwezi, kodi ya majengo 825, bima ya nyumba pamoja na bima ya mkopo wanayokutoza kwa sababu kianzio hakijafika asilimia 20, tuseme 320. Jumla 3,937. Ya Hilliard, kwa hesabu hiyohiyo, ni 2,855. Ya tatu, 2,188. Mnapata 7,400 mkononi. Nyumba ya kwanza inakula zaidi ya nusu kabla hamjanunua hata kilo ya sembe.

Na kabla ya mwezi wa kwanza kuna siku yenyewe ya kusaini. Kianzio cha Lewis Center ni 23,250. Gharama za kukamilisha ununuzi, yaani za benki, hati, kodi za kutanguliza na mengineyo, huwa kati ya asilimia 2 na 5 ya mkopo. Kwa asilimia 3 ni 13,000 na kitu. Akiba yenu haitoshi. Mtakopa kwa watu, au mtaweka kwenye kadi. Hilliard mtabaki na kama 4,500, ambayo ni bei ya mashine ya kupasha joto ikiwa fundi ana huruma. Nyumba ya tatu mtabaki na zaidi ya 10,000.

Mtaniuliza, kwa nini basi benki imekubali 450,000? Kwa sababu benki inatazama mshahara kabla ya makato na madeni yaliyoandikwa. Benki haimjui mama yako. Dola 300 za Muheza hazimo kwenye karatasi yao, wala nauli ya msiba, wala ada ya yule binamu wa Korogwe ambaye najua yupo hata kama hukumwandika. Kwenye familia zetu kila mmoja ana wa Korogwe.

Kuna tofauti ya dola 1,082 kila mwezi kati ya nyumba ya kwanza na ya pili, karibu 13,000 kwa mwaka. Baba Neema anasema ataongeza safari. Sawa. Kwa sasa hayupo Jumatatu mpaka Alhamisi. Akiongeza, atarudi lini? Na wewe unatoka zamu ya usiku upande wa magharibi, unapanda barabara ya mzunguko mpaka Lewis Center, unafika watoto wameshapanda basi. Nani atakaa na Neema kwenye hesabu za sehemu za darasa la 4?

Hili la bei kutoshuka lina ukweli, na simnyimi haki yake. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa vitongoji vya Boston, akilinganisha nyumba za pande mbili za mpaka mmoja wa shule, mtaa uleule. Aliona wazazi walilipa kama asilimia 2.5 zaidi pale alama za mtihani zilipokuwa juu kwa asilimia 5. Shule imo ndani ya bei. Lakini maana yake ni kwamba na ninyi mtailipia siku ya kununua, tena kwa riba ya miaka 30. Muuzaji hakuwaachia ubora huo kama zawadi.

Kodi ya majengo nitaisema kidogo kwa undani, kwa sababu iliniuma mimi mwenyewe. Ohio hukutoza kwenye asilimia 35 ya thamani ya nyumba, na kiwango huhesabiwa kwa mili. Mili 1 ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za hiyo thamani inayotozwa. Sehemu kubwa huenda shule. Sheria ya mwaka 1976 inazuia kodi nyingi zilizopigiwa kura zisivune zaidi nyumba zikipanda bei, kwa hiyo shule hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka kadhaa kuomba mili mpya. Novemba 2023 wapiga kura wa wilaya ya Columbus walipitisha mili 7.7. Kwa ile nyumba yenu ya tatu hiyo ni kama dola 706 kwa mwaka, kura moja tu. Mahakama ya Juu ya Ohio ilishasema mwaka 1997, kwenye kesi ya DeRolph, kwamba mfumo huu wa kuzibebesha nyumba gharama za shule haukubaliani na katiba ya jimbo. Na bado bili zinakuja. Thamani nazo hupimwa upya kila miaka 6, na kurekebishwa katikati baada ya miaka 3. Upimaji wa 2023 Kaunti ya Franklin ulipandisha nyumba za makazi kwa wastani wa asilimia 41.

Mimi nilinunua nyumba mpya, ya kunukia rangi. Nilitazama kodi ya mwaka uliopita nikashangilia: ndogo! Hakuna aliyeniambia kwamba ile ilikuwa kodi ya kiwanja kitupu, kabla nyumba haijasimama. Mwaka wa pili ikaja bahasha kutoka kwa waliokuwa wakisimamia mkopo. Niliifungulia kwenye kaunta ya jikoni, nikaisoma, nikaitupa nikijua ni matapeli. Baadaye nikaitoa kwenye pipa ina masalio ya maharage, nikaisoma tena. Malipo ya mwezi yalikuwa yamepanda kwa dola 412, na juu yake nilidaiwa pengo la mwaka mzima. Nyumba ya Lewis Center ikiwa ni mpya, uliza hiyo 9,900 ni ya nyumba au ya udongo. Uliza pia kama kuna msamaha wa kodi unaokwisha, maana nyumba nyingine mpya Columbus hupewa msamaha wa mpaka miaka 15, na mnunuzi wa mwaka wa 14 ndiye anayepasukiwa.

Na kama rafiki wa kanisani amewaambia kwamba ukikaa nje ya mji hulipi kodi ya mapato ya Columbus, ile ya asilimia 2.5, mwambieni inakatwa pale unapofanyia kazi. Kodi nyingine ya mapato, ya wilaya ya shule, ndiyo inayofuata unapolala. Wilaya kadhaa za hapa zinayo, Reynoldsburg, Canal Winchester na Pickerington zikiwamo. Kwenye nyumba zenu tatu haimo, ila mkianza kutanga na njia mkatazama upande wa mashariki, ulizeni.

La binamu wa Dublin, hapana. Sitalizungusha. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, hapahapa Ohio, Kelley Williams-Bolar, alifungwa jela kwa kuwaandikisha binti zake wilaya ya jirani kwa anwani ya baba yake mzazi. Alikaa siku 9. Gavana John Kasich baadaye alimpunguzia makosa, lakini jela alishaiona. Huyo alikuwa raia, na anwani ilikuwa ya babu wa watoto wenyewe. Wewe una makaratasi ya ulezi yenye muhuri wa mahakama, na shughuli zako za uhamiaji sijui zimefika wapi. Usicheze.

Nimemweka Juma mwisho na yeye ndiye aliyenifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Umeniandikia mistari mingi juu ya nyota, na hujauliza hata mara moja yeye itakuwaje. Mkihama wilaya ya Columbus, kiti chake pale Global Academy hana tena haki nacho. Wilaya ikitaka kupokea watoto wa nje huamua yenyewe, na nyingi za pembezoni mwa Columbus hazipokei, kwa hiyo njia ya kinyume, ya kukaa Columbus na kusoma kwao, nayo msiitegemee. Neema ataelea popote, mtoto wa darasa la 4 anayesoma vizuri na mwenye mama kama wewe. Baraka hata hajaanza. Anayeweza kuzama ni kijana wa miaka 15 aliyeanza juzi kubishana kwa Kiingereza, ukimtia kwenye sekondari kubwa ambako mwalimu wa wanaojifunza lugha anagawanywa majengo mawili.

Shule yoyote ya umma inalazimika kumsaidia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1974, kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Na Ohio ana haki ya kusoma bure mpaka kabla ya kufikisha miaka 22, kwa hiyo muda anao. Lakini kulazimika na kufanya ni njia mbili. Chukua siku yako ya mapumziko, nenda ile sekondari ambayo nyumba ya pili inaelekea, uombe kuonana na mwalimu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Mwulize ana watoto wangapi, yuko pale siku ngapi kwa wiki, na mwanafunzi kama Juma anakaa madarasa gani saa nyingine zote. Mwulize mwaka jana waliokuja wakiwa na umri wake wamefikia wapi. Umwambie unataka mkalimani wa Kiswahili kwenye vikao, uone anaandika au anakodoa. Kisha toka nje, kaa garini mpaka kengele ya mwisho, utazame wanavyotoka. Utaona wenye sura kama za Juma wanatoka na nani, au wanatoka peke yao.

Ukirudi na majibu mazuri, ningenunua nyumba ya pili, nikijua kwamba mwaka wa kwanza mtaishi kwa kubana. Yakiwa ya kubabaisha, ningebaki na ya tatu, Juma amalize alikozoea, mkaomba bahati nasibu kwa wadogo, na akiba mkaitunza. Hakuna aliyesema nyumba unayoanza kununua maishani ndiyo ya kufia. Lewis Center nisingeigusa kwa mshahara huo, hata wangeweka nyota 7.

Umeuliza umwambieje. Usianze na "hatuwezi", maana atasikia "huwezi", na mwanamume aliyekaa chini darasani hasikii neno hilo vizuri. Rafiki wa kanisani usimtaje kabisa. Ngoja Ijumaa, akishaoga na kula. Watoto wakilala, toa karatasi tupu na hati zenu za mishahara za miezi miwili, umpe yeye kalamu. Mwambie mpange mwezi mmoja wa Lewis Center, Jumatatu mpaka Jumapili, hela na saa: nani yuko nyumbani saa ngapi, nani anamchukua Baraka. Aandike yeye kwa mkono wake. Yale niliyokupigia hapa usimwonyeshe kwanza, ayafikie mwenyewe, na akifikia tofauti na yangu niandikieni, riba hubadilika.

Na mkianza, mstari wa kwanza juu kabisa ya karatasi, kabla ya benki, aandike: Mama, Muheza, 300.